Mnyoo wa Mafungu Matatu

Tangu niolewe na mdogo wake, sijawahi kumsikia wifi yangu akikiri kosa. Chai ikikosa sukari, wa kulaumiwa ni sukari. Akipotea njia, basi barabara imehamishwa. Nampenda sana, lakini ukweli usemwe: ana kichwa kigumu, na kichwa hicho ndicho kinachomlisha.

Kazi yake ni minyoo wa baharini. Si wale wa tumboni, maana watu wakisikia tu huanza kusogeza viti. Hawa wana vijiguu pande zote mbili, nywele zinazometameta, na wengine wana taya. Aliingia maabara kuosha chupa, akawa anachungulia kwenye hadubini wakubwa wakienda kula, na sasa ni miaka kumi na tisa akiwa fundi wa kuwatambua na kuwaandikia lebo. Huko wanamwita Mama Chupa. Utafiti ukichapishwa hunionyesha ukurasa wa mwisho, penye maandishi madogo: tunamshukuru fundi wetu wa maabara. Halafu hurudi ukurasa wa kwanza, yalipo majina ya waandishi, akaugusa kwa kidole. "Wifi, ipo siku nitakaa huku juu," huniambia. Shahada hana, na hilo analijua kuliko mtu yeyote.

Mchana mmoja niko kwenye cherehani, simu ikaita.

"Wifi! Ametoa koo!"

"Nani katoa koo? Mmempeleka hospitali?"

"Mnyoo! Acha hicho unachoshona, njoo uone!"

Nikaenda, shingo imejaa nyuzi. Kumbe minyoo wa aina ile wana koo linalochomoka nje kama soksi iliyogeuzwa, na juu yake pamepandwa vimeno vyeusi. Wakifa, koo hubaki ndani. Karibu wote wanaofika maabara wamekwisha kufa, kwa hiyo watu huwatambua kwa miguu. Huyu alifika hai, amejificha kwenye uchafu wa kamba ya boya. Wifi alimlegeza kwa dawa ya usingizi, akambonyeza shingoni kwa ncha ya kidole, taratibu, mpaka koo likatoka lote. Nilipoweka jicho kwenye hadubini kinyaa kiliniisha. Vile vimeno vilikuwa vinang'aa, vimekaa mafungu matatu.

"Kitabu kinasema mstari mmoja!" Wifi alikuwa anarukaruka na mabuti yake. "Mmoja! Hebu hesabu mwenyewe."

"Mafungu matatu."

"Hata mshonaji kaona matatu! Nani atabisha?"

Kitabu chenyewe kiliandikwa zamani kwa ajili ya bahari ya mbali, yenye baridi. Kinakwenda kwa maswali. Ana macho manne? Nenda namba saba. Miguu yake iko hivi? Nenda kumi na mbili. Ukikifuata lazima utafika kwenye jina fulani, kwa sababu hakuna mahali kinapokwambia, huyu simjui.

Mkuu wa maabara, ambaye sote tunamwita Daktari, ni mtu wa pole pole. Alimtazama yule mnyoo muda mrefu, wifi yangu roho juu.

"Mmoja anaweza kuwa kilema tu," akasema mwishowe. "Niletee wengine."

Wengine walikuwepo. Kwenye rafu kulikuwa na chupa arobaini na sita za minyoo wenye miguu kama ya huyu, zote zina jina lile kitabu kinalowapa. Lebo zote ziliandikwa kwa penseli, kwa mwandiko mmoja ninaoujua vizuri, maana ndio unaoandika orodha za sokoni nyumbani kwetu. Nilimwona wifi yangu akizitazama, na furaha ikamkauka usoni. Mnyoo huyu akiwa mpya, basi yeye ndiye aliyewapa minyoo wa chupani jina lisilo lao, mwaka baada ya mwaka.

"Ziache hapo hapo," nikamnong'oneza. "Nani atajua?"

"Nikizificha hizo, wifi, na huyu wa leo nimemficha."

Alizifungua moja moja kwa wiki tatu. Alikuwa anapasua makoo kwa kimkasi kidogo, mgongo umepinda, macho mekundu. Jumamosi nilikwenda kumteremshia chupa na kuandika hesabu. Spiriti ya kuhifadhia minyoo ilinitoa machozi, lakini nisingekosa kwa lolote! Kila baada ya muda tulikuwa tunapiga kelele, "Matatu!" Mlinzi alichungulia mara mbili akidhani tunapigana. Mwisho wa hesabu, chupa arobaini na tatu zilikuwa na wa mafungu matatu, na tatu tu zilikuwa na yule wa mstari mmoja.

Daktari alipoingia, Wifi alisimama, akajifuta mikono kwenye koti lake jeupe.

"Daktari, nimekosea."

Nilishika meza nisianguke.

"Nimekosea mara arobaini na tatu. Lebo ni zangu, hakuna aliyenisaidia kukosea. Lakini kila lebo ina tarehe, mahali na kina cha maji. Wa mstari mmoja wanatoka kilindini, wote watatu. Hawa wengine wanaishi juu, kwenye kamba na mawe. Ni spishi mbili."

Daktari akakaa kwenye hadubini. Alitazama chupa tano, kumi, kumi na tano. Kisha akavua miwani.

"Ni mpya, mama. Mpya kabisa! Na tutampa jina lako."

Nikapiga kigelegele. Wifi hakucheka.

"Anayeandika utafiti hampi mnyoo jina lake mwenyewe. Si ndiyo desturi yenu?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nikiwa jina la mnyoo, mimi si mwandishi."

Nikakumbuka ule ukurasa wa mwisho na maandishi yake madogo, nikaona aibu kwa kigelegele changu.

"Mwiteni mnavyotaka," Wifi akasema. "Sitaki kuwa mnyoo. Nataka kumwandika."

Daktari alivuta kiti chake mwenyewe, akamwekea mbele ya kompyuta. "Tunaanza na majina ya waandishi," akasema.

Wifi aliandika lake kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, machozi yanadondoka. Alipomaliza, aligeuka.

"Lako linakuja la pili, Daktari."

"Sawa, mama," akajibu. "La pili."