Udi wa Zuhura Katika Jaribio Langu

Nichekeni tu, hata mimi nnajicheka. Utafiti wangu wa uzamili wa uhandisi unahusu namna upepo unavyopita ndani ya nyumba za Mji Mkongwe. Siku ya kongamano la wanafunzi nilichukua kijumba cha mfano na chetezo, ili moshi uonyeshe njia ya upepo. Kwa kazi hiyo ubani ungetosha. Lakini mke wangu Zuhura yuko masomoni Maskati, na kabatini kaacha kopo la udi. Kila nikilifungua hudhani amepita nyuma yangu. Nikalibeba.

Moshi ulipanda ngazi za kijumba ukatokea dirishani. Harufu ikajaa ukumbi mzima. Kina mama wa mbele wakaziba midomo kwa mitandio. Nikadhani utafiti umewaingia! Nikaongeza udi, nikajisifu kwenye kipaza sauti: "Moshi huu nimeuchagua kitaalamu."

Mwenyekiti wetu, Bi Mwanaisha, akauliza taratibu, "Mwanangu, mkeo karudi?"

"Bado, Bi Mwanaisha. Yuko Maskati."

"Basi zima. Huo ni udi wa chumbani. Mwenzio kauweka kwa siku atakayorudi, nawe unatufukizia sisi!"