Jina Lililotoka Kwenye Kopo

Dorlene Ruckman alikuwa mtu asiyeogopa kitu. Aliendesha basi la shule mjini Toledo miaka ishirini na miwili, na asubuhi moja theluji ilipoziba barabara aliinyooshea kidole, ikasogea. Watoto sitini waliona, kawaulize. Lakini kopo la biskuti la Profesa Haskett lilimkata maini.

Lilikuwa kopo la bati, rangi imebanduka. Ndani mlikuwa na vikadi vya majina ya wanafunzi wote wa darasa la jioni la sheria ya katiba. Profesa akitumbukiza mkono, watu themanini wanaacha kupumua, hata mapazia yananywea. Anayetajwa anasimama, anaulizwa mpaka profesa achoke. Akikwama, anaandikwa: hakujiandaa. Ukiandikwa mara tatu unafukuzwa darasani, na mwaka wako umekwenda na maji. Dorlene alikuwa ameshaandikwa mara mbili.

"Mama, unatikisa meza," alinong'ona Marcella Szabo, nesi aliyekaa naye. "Kalamu yangu imeanguka mara ya tatu hii."

"Si mimi. Ni goti."

"Liambie goti kwamba wengine tumetoka kazini, tumechoka."

Profesa alichomoa kadi, akaisoma polepole kama mtu anayeonja supu. "Bi Ruckman."

Dorlene alisimama. Damu yote ilimshukia kwenye soksi.

"Mwanamke anatoka dukani," alisema profesa. "Mlinzi wa duka anamzuia, anaushika mkoba wake, anamwaga vyote mezani. Hakuiba kitu. Katiba yetu inasema watu wasipekuliwe ovyo. Je, imevunjwa?"

Jamani! Ilikuwa kama profesa kamchungulia nyumbani kwake. Mwaka jana, siku chache kabla ya Pasaka, Dorlene mwenyewe alimwagiwa mkoba namna hiyo mbele ya foleni nzima: vidonge vya presha, soksi moja, na meno ya bandia ya marehemu mama yake, yaliyoteleza sakafuni yakimcheka kila mtu. Alipiga kelele, "Nina haki! Ipo kwenye katiba!" Wiki mbili baadaye barua ya duka ikamjibu kwamba katiba haimhusu mwenye duka. Aliisoma mpaka karatasi ikalainika kama kitambaa. Kisha akaenda kuandikisha jina shule ya sheria.

Ulimi ulitaka kusema ndiyo. Marcella akampiga teke la kifundo cha mguu.

"Tunasubiri, bibie." Penseli ya profesa ilikuwa tayari juu ya daftari.

"Hapana," Dorlene alisema. "Katiba inaifunga mikono serikali. Haimfungi mwenye duka. Huyo atashtakiwa kwa sheria nyingine."

"Vizuri. Na jibu ni hilohilo, hata mlinzi awe nani?"

Kila mtu alijua huo ni mtego, maana profesa alikuwa ametabasamu, na yule mzee akitabasamu maziwa yanaganda.

Dorlene alifumba macho. Akarudi pale mezani dukani, aibu imemwelemea, hawezi kutazama sura za watu. Basi alikuwa ametazama nini? Kiuno cha mlinzi. Kwenye mkanda kitu kilimetameta, chenye namba: 418. Na yule mtu alikuwa amesema, "Polisi. Mikono juu ya meza."

"Profesa, samahani. Huyo mlinzi kavaa nini?"

Watu wakacheka. "Tunasoma sheria hapa, Bi Ruckman, hatushoni nguo."

"Najua." Goti lilikuwa linagonga meza kama fundi seremala. "Lakini polisi wengine walioajiriwa na mji, siku za mapumziko hufanya kibarua cha ulinzi. Kama alitoa beji ya mji akasema yeye ni polisi, yule mama hakusimama kwa kumwogopa mwenye duka. Alisimama kwa kuiogopa serikali. Ile beji si mali ya duka, Profesa. Aliyempa ni mji. Basi na katiba imfuate palepale dukani."

Kicheko kilikatika. Profesa alimtazama kwa muda ambao kuku angetaga na kuatamia.

"Kaa chini," alisema, akaweka penseli mfukoni.

"Nimeandikwa?"

"Nimesema kaa, mama, kabla meza haijavunjika."

Dorlene aliketi. Marcella akamfinya mkono. "Umepona! Mbona bado unatetemeka?"

"Sasa ndiyo naogopa kwelikweli."

"Unaogopa nini tena?"

Dorlene aliokota kalamu ya Marcella sakafuni, akaandika kwenye kiganja chake mwenyewe, kwa tarakimu zilizopinda kwa woga: 418. Chini yake akaandika jina la mji wake, atakaoushtaki.