Tulivyowarudishia Mafuta Yao ya Buluu

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile mama mkwe wangu, Bi Rukia, alipojifunga kanga kiunoni akatangaza kwamba leo tunakwenda uwanjani. Tuliishi nje kidogo ya Kampala, tukipakana na uwanja wa ndege ndogo. Mafundi walikuwa wakitoa mafuta kidogo tangini kuangalia kama yameingia maji, na badala ya kuyamwaga wakitugawia majirani kwa vidumu. Yalikuwa ya buluu, na doa gani liliyashinda! Mimi mshona kanzu niliyafutia madoa ya oili ya cherehani, Zaituni wangu mdogo akicheza miguuni.

Mtoto akaanza kukataa chakula na kulia tumbo. Hospitali wakampima damu, wakakuta madini ya risasi. Daktari akatueleza kuwa mafuta ya magari yameshaondolewa risasi, lakini ya ndege hizo ndogo bado. Imo kwenye moshi, inatua kwenye udongo, inapita hata kwenye ngozi, na humharibu mtoto akili. Nililia sana, sikufichi.

Bi Rukia hakulia. Unajua kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Basi asubuhi ile alipita nyumba kwa nyumba, na wanawake tukaongozana mpaka ofisi ya uwanja, kila mmoja na kidumu chake kikiwa na mafuta yale yale.

"Nyabo, mama yangu, hii si tunawapatia bure?" meneja alishangaa. "Shida iko wapi?"

"Iko kwenye damu ya mjukuu wangu," alijibu Bi Rukia. "Vyombo vyenu hivyo, na vilivyomo. Na ndege mziwashie upande wa pili, mbali na watoto wetu."

Tukaketi sakafuni mpaka akakubali. Mgao ukakoma, ndege zikahamia upande wa pili, kwenye kinamasi. Risasi mwilini mwa Zaituni ikawa inashuka, na siku daktari aliposema sasa tupumue, Bi Rukia alipiga vigelegele hospitalini hadi askari akaja mbio!

Mwanangu, kitu cha bure kiulize kina nini ndani kabla hujakishukuru. Ukiishi karibu na uwanja kama ule, mnawishe mtoto mikono kabla ya kula, piga deki badala ya kutimua vumbi, kampime damu hata akionekana mzima. Na ukienda kudai, nenda na wenzako. Peke yangu ningeitwa mkorofi. Siku ile tuliitwa akina mama, mwishowe tukainuliwa sakafuni, tukapewa na viti.

Mola akulindie wanao, akupe na majirani wa kuandamana nao. Amina.