Mapopi ya Mama, Mistari ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakunipenda, na mimi sikujisumbua kumpenda. Tuliishi boma moja hapa Kabazi kwa miaka sita, tukisalimiana kwa sababu ya Mungu na majirani. Mimi nililelewa Karagita, kwenye chumba kimoja cha kukodi, na kwake hilo lilitosha: mwanamke asiyejua jembe.

Marehemu mama yangu alishinda akikata mawaridi ya watu kwenye mashamba ya maua ya huko, kisha jioni akimwagilia mapopi yake kwenye makopo ya rangi mlangoni. Aliyapenda kwa sababu hayauziki. Ukiyakata, petali zinaanguka kabla hujafika kwa jirani. Ni maua ya msimu mmoja. Usipovuna mbegu, umeyapoteza. Alipokufa nilirithi chupa ya dawa yenye mbegu zake, ndogo kama vumbi, nikazimwaga zote kando ya seng'enge, maana zilikuwa zimekaa sana na niliogopa zitafia chupani.

"Hii utakula na ugali?" mama mkwe aliniuliza.

Yaliota, yakasongamana. Ningeyapunguza mwenyewe, taratibu. Siku moja nilirudi kutoka sokoni Subukia nikamkuta amepiga magoti. Alikuwa ameyang'oa yote na kuyapandikiza kwa mistari iliyonyooka, kama sukuma wiki.

"Ulikuwa umemwaga tu kama chakula ya kuku," akasema, akijipangusa udongo. "Sasa nimekupangia. Itakuwa mzuri."

Alikuwa anatabasamu. Miaka sita, na siku hiyo ndiyo aliyochagua kuwa mwema. Popi halihamishwi, mzizi wake ukishaguswa, limekwisha. Nilimchukia, nikampita, nikaingia jikoni na kufunga mlango. Nikamsikia akisema nje, "Asante ya punda ni mateke."

Kesho yake yote yalikuwa yamelala. Mvua nayo ilikuwa imekatika. Nilimwona kupitia dirisha akiyainua moja moja kwa kidole, yakaanguka tena. Akachukua mtungi wa lita kumi, akateremka mtoni kwa magoti yake mabovu, akapanda nao. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Hakumtuma mtu. Ningeweza kumwambia asijisumbue. Neno moja lingetosha. Sikulisema. Nilitaka abebe. Nilimenya viazi nikimsikia akihema akipanda mlima, na sitasema uongo, nilisikia raha.

Siku ya nane mistari yote ilikuwa nyasi kavu. Alikuja mlangoni, kitambaa cha kichwa kimelowa jasho, na kwa mara ya kwanza akaniuliza kitu kama mtu asiyejua.

"Hizi maua za mama yako zinataka nini?"

Kumbe alijua yalikuwa ya nani. Sikuwahi kumwambia. Nilimtazama, kisu mkononi, na bado nilikuwa na hasira.

"Maji," nikamwambia. "Ongeza maji."

Akageuka, akachukua mtungi.