Blanketi ya Senje

Asali ikikutana na costic, ile soda kali ya kutengeneza sabuni, hainuki asali. Hiyo mjue mapema. Inanuka sukari iliyoungua, na nyuma yake kuna kitu inachoma pua kama choo ya stendi. Ni baadaye sana, sabuni ikishatulia, ndio ule utamu unarudi. Mimi natengeneza sabuni huku mtaa wa Pipeline, juu kabisa kwa paa penye watu wanaanika nguo, na majirani wamezoea kuniita kutoka chini, "Nafula, leo umeunguza nini tena?" Siunguzi kitu. Lakini hiyo harufu ikinishika vizuri, Pipeline inapotea. Narudi Kayole, niko darasa la nne, nimekaa kwa simiti ya jikoni kwa Senje, na dada yangu Nekesa anakoroga.

Senje ndio vile kwetu magharibi tunaita dada ya baba. Baba na mama walikuwa wamekufa, tukaletwa kwake kama mizigo ya basi, na alitupokea vile mtu hupokea mizigo ya wenyewe: aliangalia kwanza kama inavuja.

Kazi yake ilikuwa sabuni. Kulikuwa na ile ya kawaida, halafu kulikuwa na ya asali, yenye ilimpa jina mpaka wanawake wakawa wanatoka mtaa wa Umoja kuja kuitafuta. Ya asali alikuwa anaogea Brenda, binti yake. Sisi tulipewa makombo ya kando, yamekatwa jana, bado mabichi. Sabuni kama haijakaa wiki zake, costic bado iko macho ndani. Ngozi yetu ilikuwa inabanduka kama ya kiazi. Shuleni wakanipa jina.

"Niaje, nyoka? Leo umeacha ngozi wapi?"

Nilipigana na hao watoto mpaka mwalimu akachoka kuuliza nani ameanza. Mimi ndio nilikuwa naanza. Ningengoja nini?

Nekesa hakuwa mtu wa ngumi. Alikuwa amemaliza darasa la nane, Senje akasema masomo imetosha. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alipenda kusema, na jembe yetu ilikuwa mwiko. Nekesa alikuwa anakoroga mpaka mafuta na costic zishikane kama uji wa mtoto, ule wenye ukiinua mwiko tone inakaa juu kidogo kabla izame. Anamwaga kwa sanduku ya mbao iliyotandikwa nailoni, kisha anafunika na magunia. Sabuni lazima ilale na joto. Hiyo Senje alitufundisha kwa makofi. Gunia ikiteleza, kofi. "Hata wewe nikikulaza nje kwa baridi, utaamka mzima?"

Lakini ya asali hakutuonyesha. Wakati wa kuweka asali ukifika, alikuwa anatufukuza jikoni anafunga mlango, na ile sanduku inaenda kulala chumbani kwake mpaka siku ya kukatwa. Kuingia huko hatukuruhusiwa, hata kufagia. Brenda ndio alikuwa anafagia, na Brenda hakuwa anafagia.

Sasa kulikuwa na mwenye salun upande wa juu, Mama Ciru. Huyo alikuwa na macho. Aliona ni nani anakoroga. Siku moja akaja mpaka mlangoni akasema bila kuzunguka, "Huyu msichana nipatie mimi. Atanitengenezea sabuni ya asali na aoshe watu nywele. Kuna chumba hapo nyuma, alale na huyu mdogo wake."

Senje akacheka. "Huyo? Huyo anajua mwiko tu."

"Basi atengeneze moja ya asali peke yake. Jumapili nikitoka kanisa nakuja kuiona. Ikiwa mbaya, nimenyamaza."

Hicho chumba nilikuwa nimekichungulia, na kilikuwa na kitanda. Mnasikia? Kitanda. Sisi tulikuwa tunalala hapo hapo jikoni juu ya katoni, tukihesabika na sufuria. Wiki nzima nilikuwa nalalia hicho kitanda kichwani. Nilikuwa nimeshajipea upande wa ukuta.

Nilijua Senje atakataa. Hakukataa. Jumamosi, baada ya chakula ya mchana, akamwita Nekesa na sauti sijawahi kuisikia ikitoka kwa ile mdomo. "Nekesa mama, kuja." Akampa chupa nzima ya asali ya Kitui. "Usipime na kijiko kama maskini. Weka yote. Mchovya asali hachovyi mara moja." Kisha akaingia chumbani, akavuta blanketi yake kwa kitanda yake mwenyewe, ile nzito nyekundu yenye picha ya chui. "Ya asali inashikwa na baridi haraka kuliko hiyo ingine. Magunia haitoshi. Funika na hii, uikunje mara mbili. Na msifunue mpaka jioni, mtaingiza hewa."

Nekesa alishika hiyo blanketi machozi ikimlengalenga. Mimi nikajiambia, leo Senje ametupenda. Nilikuwa hata nimeanza kumsamehe makofi.

Na sabuni ilikuwa nzuri, aki. Ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Nekesa akaifunika akiingiza pembe za blanketi kila upande, vile mama alikuwa anatufunika. Senje akaenda zake kwa mkutano wa wamama. Brenda alikuwa mlangoni anapaka kucha rangi. Akatuangalia, akaangalia blanketi, akarudi kwa kucha zake.

Harufu ndio ilianza. Kisha nikaona chui anainua kichwa.

Nilicheka. Nilikuwa mtoto, ningefanya nini? Blanketi ilikuwa inapanda polepole katikati, na yule chui anaamka na macho yake ya manjano. "Nekesa, kuja uone, chui anaamka!"

Nekesa akaja mbio akavuta blanketi. Ndani sabuni ilikuwa imepasuka katikati, imegeuka rangi ya maini, inachemka, inamwagika kwa kingo za sanduku. Mtu mwingine angeruka nyuma. Nekesa aliingiza mikono. Alikuwa anairudisha ndani, anaikusanya kwa simiti anairudisha, kama mtu anarudisha vifaranga kwa tenga, na ilikuwa moto na costic bado haijalala. Hakupiga nduru. Aliniambia tu, "Nafula, leta maji. Leta mingi." Brenda akainua miguu yake isipatwe.

Jumapili Mama Ciru alikuja na nguo yake ya kanisa. Mkono wa kushoto wa Nekesa ulikuwa umefungwa na kitambaa cha shuka. Mama Ciru akaidunga ile sabuni na ncha ya ufunguo, maji ya kahawia ikatoka.

"Hii ni sabuni ama ni maini?"

Brenda alicheka mpaka akakohoa.

"Si nilikuambia?" Senje akasema. "Ni damu yangu, nampenda, lakini hana mkono." Alisema hivyo Nekesa akiwa amesimama hapo, na mkono wake kifuani. Kisha akasema, kama ni kitu imemjia sasa hivi, "Ngoja uone yenye Brenda alijaribu jana asubuhi." Akaleta sanduku ingine kutoka chumbani. Laini kama siagi. Brenda hajawahi koroga hata chai.

Kazi ikaenda kwa Brenda. Alikaa huko mwezi hivi akaacha, akasema nywele za watu zinanuka na kile kitanda ni kigumu.

Hiyo sanduku ya Brenda nilikuwa nimeiona Jumamosi, kabla ya yetu kuchemka. Senje aliacha mlango wa chumba wazi akienda mkutano. Ilikuwa chini kwa simiti tupu, chini ya dirisha lililo wazi, haijafunikwa hata na gazeti. Na mnajua mimi nilifikiria nini? Nilimwonea Senje huruma. Nilisema, maskini, ametupatia blanketi yake, sasa sabuni ya mtoto wake itashikwa na baridi.

Blanketi yenyewe alitutupia. "Si mmeiharibu? Basi ni yenu." Tulilala nayo miaka. Nusu ilikuwa imekauka na sabuni, ngumu kama karatasi ya simiti, na ukiifua ilikuwa inatoa povu yenyewe. Usiku hiyo nusu ilikuwa inanuka asali.

Ukitoa makofi ya Senje, sikufundishwa sabuni na mtu. Nimeharibu mafuta mingi, nimejifunza kwa simu, kwa kuuliza, kwa kuchomeka. Ya asali niliogopa kuijaribu. Mwaka jana ndio nikajaribu mara ya kwanza, na kwa video nilikuwa naangalia kuna mama mmoja, sauti ya upole tu, akasema: yenye asali usiifunike kamwe, asali inaleta joto yake, iache mahali pa baridi, na uweke kidogo. Hata hakusema kwa nguvu. Alisema vile mtu anasema kitu kila mtu anajua.

Niliacha kila kitu hapo kwa paa nikaenda Njiru kwa Nekesa. Nilikuta anachambua minji kutoka kwa maganda mlangoni. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, nikamwambia nikitoka hapo naenda Kayole, na yule mwanamke hata kama sasa anatembea na fimbo, hiyo fimbo tutagawana.

Nekesa akaendelea kuchambua. Mkono wa kushoto vidole viwili havinyooki.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku hiyo hiyo. Nilipoingiza mikono. Baridi haichemshi kitu, Nafula."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, angetufukuza. Ulikuwa darasa la nne. Ungelala wapi?" Akanisukumia sinia. "Kaa chini. Saidia na minji."

Nilikaa. Nikaanza kupasua minji. Yeye anasema amemsamehe, na hiyo ni yake. Mimi sijasamehe, na msiniombe.

Kitu inaniuma si hata Senje. Ni ile blanketi. Kila usiku nilikuwa naishika upande wa asali, na kila usiku Nekesa alikuwa ananinyang'anya, anaigeuza, ile nusu ngumu inakuja juu yake. Asubuhi shingo yake ilikuwa nyekundu. Mkono wake ulikuwa haujapona, na alikuwa analala chini ya hiyo costic ili ngozi yangu ipumzike. Na mimi nilikuwa nalia kwa giza, namwita mchoyo, ati ananinyima asali.