Sauti ya Gari la Shemeji

Shemeji yangu Nikolao alipenda vitu viwili duniani: dada yangu Dorika, na Celica nyekundu ya milango miwili. Kipi kilitangulia sikuwahi kumuuliza, maana majibu mengine ni heri usiyasikie.

Ilikuwa miaka ile wafanyabiashara binafsi walipofunguliwa mlango wa kununua korosho. Nikolao, mtu wa Newala aliyeoa kwetu Lulindi na kujenga kwetu kama desturi inavyotaka, alikuwa akiwanunulia matajiri wa Masasi. Msimu ukamnyookea. Wenzake wakaezeka bati, wengine wakaongeza mke. Yeye akapanda basi kwenda Dar es Salaam, akarudi anaendesha mtumba wa Japani, gari la chini kiasi kwamba kuku wetu walikuwa wanalitazama machoni.

Lilikuwa na kasoro moja tu, na huko lilikotoka pengine ilihesabiwa sifa: lilikuwa kimya. Kwetu mkwe haji kimya. Mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni wala hawapishani njiani. Mwenye baiskeli hupiga kengele, mtembea kwa miguu hukohoa, na mama mkwe hupata nafasi ya kujibanza porini mpaka apite. Celica haikukohoa. Ilimkuta mama yetu, Helena, kwenye kona ya mikorosho, ungo wa mbaazi kichwani. Mama akatupa ungo, akajirusha kwenye mihogo, akateguka kifundo cha mguu. Haikupita wiki, ikamkuta tena palepale, safari hii anachechemea, hana pa kukimbilia. Alijifunika khanga usoni akasimama barabarani analia kwa aibu, na Nikolao naye ameinamia usukani asione kitu.

Mjomba Erasto, kaka yake mama na msemaji wa ukoo wetu, akamwita Nikolao.

"Mkwe, gari lako ni zuri. Lakini ukimkuta tena dada yangu njiani, utaliuza."

"Nimesikia, Mjomba."

Dorika anasema siku ile mumewe hakugusa ugali. Kesho yake, hata hivyo, aliamka anapiga mluzi. Tangu anunue gari alikuwa anaota ekzosi mpya, bomba la moshi la kuliondolea ule upole, na Dorika alikuwa anamkatalia. Sasa ekzosi ilikuwa agizo la ukoo. Nani angembishia?

Akaagiza Dar. Siku ilipofika kwa basi alikwenda nayo kwa fundi Suleimani pale Masasi ameifunga kwenye khanga kama mtoto mchanga, akamfunulia kila aliyetaka kuona, na ambaye hakutaka pia akaona. Ilikuwa inang'aa mpaka unajiona meno, mdomo wake unaingiza ngumi nzima. Suleimani akaisifu, kisha akatoa ya kwake aliyoiunda kwa bomba la trekta bovu. Ilikuwa nyeusi, yenye makovu ya kuchomelea. Nikolao aliitazama kama kiporo cha juzi.

"Usichague kwa macho," Suleimani akamwambia. "Anayekimbia si wewe. Mpelekee mwenyewe asikie."

Basi mama akaketi nyuma ya nyumba, mgongo kwa barabara, anapukuchua mbaazi, na Dorika akasimama kwenye pembe ya ukuta kupeleka maneno huku na huko. Ile ya kung'aa ikaanza. Sauti nzito, tamu, inakuingia kifuani. Nilipiga makofi, na sioni haya kusema nilimpenda shemeji yangu siku ile kuliko siku zote.

Mama hakuinuka. "Mwambie hilo ni lori la korosho. Malori yanapita hapa kutwa. Mimi kwa lori sikimbii."

"Mwambie Mama asikilize tena," Nikolao akamsihi mkewe.

"Amesikia, Baba Pili," Dorika akamjibu, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Akarudi Masasi amenuna, Suleimani akafunga ile nyeusi, na jioni tukaisikia. Ilikuwa kali, na kila alipoachia mafuta ilipasukapasuka kama korosho zinazochomwa kwenye bati. Kuku waliruka juu ya paa. Kabla gari halijatokeza, mama alikuwa ameshaingia ndani na mlango umefungwa, na tukamsikia anacheka peke yake. Hakuna aliyehitaji kupeleka neno. Ila Nikolao ni Nikolao: alimwomba Suleimani aukate ule mdomo wa kung'aa auchomelee kwenye bomba jeusi, kisha alipandishe bomba juu lisikwame kwenye tuta la mchanga katikati ya barabara. Lilipokuwa tayari akalipapasa, akacheka mpaka akachoka.

Lakini nyumbani si barabarani, na lile neno la mjomba la kuuza gari lilikuwa bado limesimama. Siku moja mimi na mama tulikuwa tunatoka kisimani, tumekaribia ile kona, nikasikia kwa mbali ile milio.

"Mkweo," nikasema.

"Nimemsikia tangu yuko kijiji cha Chiungutwa."

Akatua ndoo bila haraka, akajifunga khanga vizuri, akaenda nyuma ya mkorosho na kuipa barabara mgongo. Celica ikatokeza. Barabarani nilikuwa mimi tu na ndoo mbili. Nikolao akasimamisha gari, akanisalimu macho yakiwa mbele, jasho linamtoka. Alijua fika mtu yuko wapi. Nilingoja mama anitume, maana ndiyo desturi, mkwe huambiwa kwa kinywa cha mwingine. Hakunituma.

"Wewe gari," mama akasema kutoka nyuma ya mti.

Nikolao akaushika usukani kwa mikono miwili.

"Mguu wangu haujapona. Chukua ndoo hizi, na uende polepole, maji ya kupandisha kilima hayamwagwi. Na kesho upite mapema, nina mbaazi za kupeleka Masasi."

Nikolao hakuambiwa yeye, liliambiwa gari. Alikanyaga mafuta kidogo palepale, na gari likaitika.