Kompyuta Iliyosalimiana na Mzee Johana wa Boito

Mshawahi kuona mzee mzima wa kanisa akisalimiana na kompyuta asubuhi yote? Mimi niliona, na karibu nimwage unga kwa sababu ya hizo salamu.

Ilikuwa 1997. Nilikuwa kijana wa kompyuta kwenye kiwanda kimoja cha chai upande wa Konoin.

Kompyuta zilikuwa mbili tu. Moja ofisini kwetu, nyingine kwa Mzee Johana, karani wa kituo cha majani kule Boito. Zilikuwa zinaongea kwa laini ya simu. Mzee akiwa na majani anaandika, lori linatumwa.

Shida ilikuwa programu. Ilitumia mfumo wa zamani wa kupitisha ujumbe: unatuma, basi. Kama umepotelea njiani, shauri yako. Lori likikosa kuja, majani yalikuwa yanapata joto na kuungua kwenye magunia, na wakulima wanalia.

Meneja, Bwana Peterson, akaniambia nihamishe programu kwa mfumo mpya, ule ambao kila ujumbe lazima ujibiwe ndio mwingine upite. Majani yakiungua tena, nirudi kwetu Kipkelion nikachunge ng'ombe.

Nikaandika upya kila mahali programu ilipoita ule mfumo wa zamani. Ikabaki jibu, lile mashine inatuma yenyewe. Ilitosha kusema "Imefika."

Sasa jamani, mzee wa rika la baba yangu umwambie "Imefika" tu, kama unamfukuza? Nikaweka: "Chamgei mzee. Ujumbe umefika. Habari ya nyumbani?"

Hapo ndipo nilijiroga.

Jumatatu Johana akaandika kwamba amefungua kituo. Mashine ikamsalimia. Akajibu nyumbani ni kuzuri, ng'ombe amezaa, na huko je? Mashine ikamuuliza habari ya nyumbani. Akajibu mama watoto anaumwa na goti.

Hakuna mtu alikuwa amemweleza kwamba huku hakuna mtu.

Saa nne alikuwa amemaliza watoto, ameingia wajukuu. Na kwetu huwezi kuomba kitu kabla salamu hazijaisha. Hiyo haifanyiki.

Nikapiga simu, laini imeshikwa na kompyuta. Nikamwandikia, ujumbe wangu ukakaa foleni nyuma ya salamu. Nikakimbia kwa Peterson, nikamwomba lori liende tu.

"Ameomba lori?"

"Bado anasalimia."

"Basi hajaomba."

Woi. Nilitamani kulia.

Kitu pekee kilichokuwa kinamfikia mzee ni lile jibu la mashine. Nikalifuta, nikaandika lingine: "Asante kwa yote, mzee. Sasa kwaheri."

Akaandika: "Saisere, kijana wangu. Mungu akutangulie." Mashine ikamwambia kwaheri tena. Ndio akaomba lori.

Lilipofika, nusu ya majani yalikuwa yameshaungua. Peterson akaniambia kesho nilete funguo za ofisi.

Kesho yake nafika na funguo mkononi, nakuta geti limejaa watu wa Boito. Johana yuko mbele na koti la Jumapili. Kando yake mama mmoja, Rodah, amebeba kibuyu cha maziwa ya mursik.

Kumbe mzee alikuwa ametangazia kituo kizima kwamba yule kijana mwenye adabu amemwambia kwaheri, lazima anafukuzwa kazi.

Peterson akajaribu kuwaeleza kwamba ile ilikuwa mashine. Johana akamsikiliza mpaka mwisho.

"Meneja, huyo ameniuliza habari ya nyumbani asubuhi yote na hakuchoka. Wewe hujawahi uliza hata siku moja. Akitoka, majani yetu tunapeleka kiwanda kingine."

Peterson akaangalia watu, akaangalia kibuyu, akaniangalia mimi.

"Weldon," akasema polepole, "fungua ofisi."

Kisha akamgeukia mzee, akamuuliza habari ya nyumbani. Kosa. Alitoka pale saa saba.

Nilichojifunza ni hiki: ukifundisha mashine kusalimia watu wetu, ifundishe kuaga kwanza.